Nambari za SEO: ipi ya Google, ipi ya muuzaji

Ukishakuwa na tovuti ya biashara Nairobi, iwe ya duka la vipuri Kirinyaga Road au ya kliniki ya meno Ngara, haichukui muda kabla hujatumiwa ripoti ambayo hukuiagiza. Huja kwa barua pepe au WhatsApp: faili la PDF lenye kurasa kumi na kitu, duara jekundu lenye alama 41 kati ya 100, orodha ya "makosa" 137, na mwishoni bei ya kila mwezi pamoja na ahadi ya kukuweka ukurasa wa kwanza wa Google. Mwenye duka anaisoma, haelewi nusu yake, na kwa kuwa haelewi anafanya mojawapo ya mambo mawili. Analipa, au anaifuta na kuamua kwamba SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane kwenye utafutaji wa Google, ni wizi mtupu.

Yote mawili ni hasara, kwa sababu kazi yenyewe ipo na ina faida. Kinachoivuruga ni kwamba jina moja limebebeshwa kazi tatu zisizofanana: kurekebisha tovuti ili Google iweze kuisoma, kuandika kurasa zinazojibu kile wateja wanachotafuta, na kuifanya biashara ijulikane mpaka tovuti nyingine ziitaje. Ya kwanza ni ya fundi, ya pili ni ya mwandishi, ya tatu ni ya mtu anayejua watu. Ni nadra kumpata aliye hodari katika zote, lakini tangazo huziuza kwa bei moja. Juu ya kazi hizo kuna zana za kupimia, na hapo mkanganyiko unazidi, maana nambari za zana hizo huandikwa kana kwamba Google ndiyo iliyozitoa. Nyingi haikuzitoa. Basi kwa kila nambari unayoonyeshwa kuna swali la kuuliza kabla ya kuogopa: hii imepimwa na nani?

Google hufanya nini na ukurasa wako

Hufanya mambo matatu kwa mfuatano. Roboti yake, Googlebot, huutembelea ukurasa na kuusoma, ikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kisha ukurasa huwekwa katika faharasa, ile orodha kubwa ya kurasa ambayo Google huitumia kujibu, ukionekana unafaa. Si kila ukurasa uliosomwa huwekwa. Mwisho, mtu anapouliza kitu, Google huchagua kutoka kwenye faharasa hiyo na kupanga majibu. Vigezo vya kupanga ni vingi, na kilicho maarufu kuliko vyote ni PageRank, wazo ambalo Larry Page na Sergey Brin walilichapisha mwaka 1998 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford: ukurasa unaotajwa kwa kiungo na kurasa zenye uzito, nao hupata uzito. Wazo hilo ndilo lililozaa biashara nzima ya kuuza viungo. Tutaifikia.

Wamiliki wengi huhangaikia hatua ya tatu ilhali shida iko kwenye ya kwanza au ya pili. Jaribu hivi: kwenye Google andika neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Zitakazotokea ni kurasa ambazo Google inazo. Orodha haiwi kamili kila mara, lakini ikiwa tupu kabisa, usilipie makala wala viungo. Google haijui kwamba upo.

Sababu moja ya hali hiyo inasikitisha kwa udogo wake. WordPress, ambayo mafundi wengi wa hapa mjini huitumia kujenga tovuti za biashara ndogo, ina kisanduku katika mipangilio ya usomaji kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia alama wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isionekane. Siku ya uzinduzi anasahau kuiondoa. Tovuti inafunguka vizuri, fomu ya mawasiliano inafanya kazi, mwenyewe anatuma kiungo kwa wateja na wanakifungua bila shida, kwa hiyo hakuna anayeshuku chochote. Miezi inapita. Kuondoa alama hiyo ni kazi ya dakika moja, na mtu mwaminifu atakuambia hivyo.

Zana moja inayotoka Google yenyewe

Search Console ni bure. Hadi mwaka 2015 iliitwa Webmaster Tools, na wakongwe bado huiita hivyo. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako kwa kuweka rekodi fupi (ya TXT) kwenye DNS, mfumo unaoliunganisha jina lako la tovuti na seva yake, au faili dogo kwenye seva, kisha unasubiri siku chache data ianze kujaa. Hutunza historia ya miezi 16. Kama hujawahi kuifungua, ifungue kabla hujakaa meza moja na muuzaji yeyote.

Ripoti yake kuu ina nambari nne: ukurasa wako ulionyeshwa mara ngapi kwenye matokeo, ulibofywa mara ngapi, asilimia ya waliobofya kati ya walioonyeshwa, na nafasi yako ya wastani. Hizi ndizo Google imezihesabu yenyewe. Lakini nazo zinahitaji kusomwa kwa utulivu, na mfano wa kubuni utasaidia.

Tuseme una duka la vipuri. Kwa miezi mitatu, watu waliotafuta "side mirror axio price" wameonyeshwa tovuti yako mara 900 na kubofya mara 6, nafasi ya wastani ikiwa 9.4. Waliotafuta "brake pads vitz nairobi" wameonyeshwa mara 40 na kubofya mara 11, nafasi 2.1. Na waliotafuta jina la duka lako lenyewe wameonyeshwa mara 260 na kubofya mara 200, nafasi 1.

Mstari wa kwanza ndio wenye pesa. Watu wapo, na Google inakuona kuwa jibu linalokaribia, ila uko chini kabisa ya ukurasa wa kwanza. Ukifungua ukurasa unaoonyeshwa, huenda ukakuta ni orodha ya jumla ya vioo vya kila gari, haina bei, na Axio imetajwa mara moja katikati ya majina ishirini. Kazi ya kufanya inajulikana: ukurasa wa kioo cha Axio, wenye picha uliyoipiga wewe, miaka ya gari kinapofaa, upande wa kushoto au wa kulia, bei, na kama mnafunga papo hapo. Mstari wa pili unafanya kazi vizuri, uache ulivyo. Mstari wa tatu ndio wa kuangalia kwa jicho la pembeni, kwa sababu hao 200 walikuwa wanakujua tayari. Waliona bango, au jirani aliwaambia. Mtoa huduma asiye makini huwajumlisha na kukuonyesha kwamba wageni kutoka Google wameongezeka, hasa kama mwezi huo ulitoa tangazo redioni. Mwambie atenganishe utafutaji wa jina lako na utafutaji mwingine wote. Search Console ina kichujio cha kufanya hivyo.

Jihadhari na ile nafasi ya wastani pia. 9.4 hakuna aliyeiona. Ni wastani wa watu walioko Rongai na walioko Westlands, wenye simu na wenye kompyuta, walioona ramani juu ya matokeo na wasioiona. Ndiyo maana kujitafuta kwenye simu yako mwenyewe hakuthibitishi lolote. Google inajua uko wapi na inajua unaitembelea tovuti hiyo kila siku. Ukijumlisha mibofyo ya kila neno vilevile utakuta haifiki jumla iliyoandikwa juu, kwa kuwa maneno yanayotafutwa na watu wachache sana hufichwa kwa ajili ya faragha. Hakuna aliyekuibia.

Ripoti ya pili muhimu ni ya kurasa zilizoingia kwenye faharasa na zilizoachwa nje, na sababu zake. Ukiona kurasa nyingi chini ya kundi la zilizosomwa lakini hazijaorodheshwa, Google imezitembelea na ikaona hazina haja ya kuwekwa. Mara nyingi ni kurasa za bidhaa zenye maelezo yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwa mtengenezaji, yale yale yaliyo kwenye maduka mengine mia. Hapo huhitaji fundi. Unahitaji mtu wa kuandika.

Google Analytics ni kitu kingine, ingawa huchanganywa na Search Console. Hiyo hupima kile mtu anachofanya baada ya kuingia kwako. Toleo la zamani liliacha kukusanya data tarehe 1 Julai 2023, kwa hiyo kama grafu yako imekatika hapo, jua kwamba hakuna aliyehamia toleo jipya, GA4. Na kwa kuwa inakusanya taarifa za wageni, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu. Waeleze wageni wako unachokusanya.

Nambari za wengine

Ahrefs, Semrush na Moz ni kampuni zenye roboti zao zinazotembea mtandaoni na kujenga ghala lao la viungo na maneno. Kazi wanayofanya ni kubwa na wataalamu huitegemea. Ila kila wanachokuambia kuhusu Google ni makadirio yao, kwa kuwa hawana funguo za faharasa ya Google.

Alama ya Domain Authority (DA), inayokadiria nguvu ya tovuti, ni ya Moz, na Domain Rating ni ya Ahrefs. Zote huenda hadi 100, na Google haitumii hata moja. Ni kama thamani ya ploti kwa mdomo wa dalali wa Kitengela: ina msingi fulani, inasaidia kulinganisha ploti mbili zinazopakana, lakini benki haitakukopesha kwa neno lake. Zitumie kujipima na washindani wa mtaa mmoja nawe. Mtu akikuuzia "kupandisha DA kutoka 8 hadi 30" anakuuzia tarakimu ya kampuni nyingine, na tarakimu hiyo inaweza kupanda bila simu yako ya dukani kulia hata mara moja.

Idadi ya utafutaji wa kila mwezi nayo ni makadirio. Ya Google yenyewe ipo kwenye Keyword Planner, bure ukiwa na akaunti ya matangazo, lakini usipokuwa unatumia pesa kwenye matangazo hukupa viwango vipana tu, mathalani kati ya 100 na 1,000. Kwa maneno ya Kiswahili, au Kiingereza chenye jina la mtaa ndani yake, zana nyingi huandika sifuri. Sifuri hiyo maana yake ni kwamba zana haina data ya kutosha, wala haithibitishi kwamba hakuna anayetafuta. Google imesema mara kadhaa kwamba takriban asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku ni wa maneno ambayo haijawahi kuyaona kabla. Biashara inayofuata orodha ya zana peke yake hujikuta inapigania maneno yale yale matano na kampuni kubwa za mjini.

Usajili wa kawaida wa Ahrefs au Semrush hugharimu zaidi ya dola 100 kwa mwezi. Duka moja halina sababu ya kuulipia. Mtoa huduma anapaswa kuwa nao. Kwa tovuti uliyothibitisha kuwa yako, Ahrefs ina toleo la bure linaloonyesha viungo na makosa. Screaming Frog, programu ya Uingereza unayoiweka kwenye kompyuta, husoma hadi anwani 500 bila malipo, na tovuti za biashara ndogo nyingi hazifiki huko. Itakuonyesha viungo vilivyokufa, kurasa zisizo na kichwa, na vichwa vinavyojirudia.

Sasa yale makosa 137. Zana huhesabu kila tokeo kuwa kosa. Picha 120 zisizo na maelezo ya maandishi ni makosa 120 kwenye ripoti, ilhali ni kazi moja. Kiungo kilichovunjika chini ya kila ukurasa ni kosa moja la kiolezo lililojirudia kila mahali. Mwombe muuzaji akupangie makundi na akuambie kila kundi linazuia nini. Akishindwa, basi alibofya kitufe cha zana na kukutumia kilichotoka.

Na duara jekundu la 41? Hilo huwa limetoka PageSpeed Insights, ambayo ni zana ya Google kweli, na hapa swali letu linahitaji kuulizwa kwa undani zaidi. Alama ya 0 hadi 100 ni ya maabara: kompyuta ya Google inaigiza simu ya wastani kwenye mtandao wa polepole na kupima ukurasa mara moja. Juu yake, kama tovuti ina wageni wa kutosha, kuna vipimo vya watu halisi wanaotumia Chrome. Hivyo vya juu ndivyo vinavyoingia katika upangaji wa matokeo, na hata hivyo uzito wake si mkubwa. Viwango vinavyohesabiwa kuwa vizuri ni sekunde 2.5 kwa kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kuonekana, milisekunde 200 kwa ukurasa kuitikia mguso, na 0.1 kwa jinsi vitu vinavyorukaruka wakati ukurasa unafunguka. Tovuti ndogo mara nyingi haina data ya watu halisi kabisa, kwa hiyo muuzaji anakutishia kwa ile ya maabara.

Hata hivyo usiipuuze, kwa sababu nyingine isiyo ya Google: mteja anayelipia bando la siku hasubiri. Na kwenye tovuti za hapa mkosaji mkuu ni picha. Picha iliyopigwa kwa simu, upana wa pikseli 4,000, uzito wa megabaiti nne, inapakiwa kama ilivyo ili ionekane kwenye kijisanduku cha pikseli 300. Zikiwa kumi na mbili kwenye ukurasa wa bidhaa, umemla mteja bando lake kabla hajaona bei. Zipunguze, zihifadhi kwa muundo wa WebP, ambao ni mwepesi, na alama itapanda bila mkataba wa mtu yeyote.

Taa ya kijani ya Yoast kwenye WordPress ni maoni ya plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza; Google haiioni. Na anayekutoza kwa kujaza "meta keywords", orodha ya maneno iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, anakuuzia kitu ambacho Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo.

Maneno yaliyo kwenye simu yako tayari

Nairobi watu hutafuta vitu vya kununua kwa Kiingereza kilichofupishwa, mara nyingi wakimalizia na "price in Kenya" au jina la mtaa, na huingiza Kiswahili pale kinapokuja chenyewe: "bei ya", "fundi wa", "dawa ya". Kurasa za kampuni zimeandikwa kwa lugha nyingine kabisa. Kampuni ya usafi inaandika kwamba hutoa suluhisho bunifu kwa mazingira ya kisasa, huku mteja anatafuta mtu wa kuosha carpet South B Jumamosi.

Kabla ya kununua utafiti wa maneno, fungua WhatsApp ya biashara na usome jumbe za mwezi uliopita. Andika kila swali la kwanza kama lilivyoulizwa, pamoja na makosa yake ya tahajia. Mnafika Syokimau? Hiyo bei ni ya kufunga pia? Mnachukua Lipa na M-Pesa? Maswali yanayojirudia ndiyo vichwa vya kurasa zako, na hakuna zana ya Singapore wala ya Marekani iliyo nayo.

Ramani kabla ya tovuti

Kwa biashara ambayo mteja huijia kwa miguu au kwa boda, wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea pamoja na ramani, unaweza kuleta simu nyingi kuliko tovuti. Ni bure pia. Hadi mwaka 2021 uliitwa Google My Business. Google inasema hupanga matokeo ya eneo kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyohusiana na swali, umbali, na umaarufu wake; na kwamba hakuna namna ya kulipia nafasi bora hapo.

Shida ya Nairobi ni anwani. Jengo moja la Luthuli Avenue lina maduka kwa makumi, na pini zote zimerundikana mlangoni. Andika ghorofa na nambari ya duka, weka picha ya lango la jengo na ya ngazi, na pini iwe pale mtu anapoingilia hasa. Saa za kazi za sikukuu zisahihishwe. Jina liwe lile lililo kwenye bango. Kuongeza "bei nafuu Nairobi CBD" kwenye jina ni kinyume cha kanuni na wasifu unaweza kusimamishwa. Maoni ya wateja yaombwe kwa wateja wa kweli bila kuwapa punguzo kama malipo, kwani hilo nalo limekatazwa. Ukikuta mtu anauza maoni 50 ya nyota tano, jua ni akaunti zile zile zilizoisifu saluni ya Eldoret na hoteli ya Kampala wiki hiyo hiyo.

Soko la viungo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kwa kuwa viungo vina uzito, wauzaji huahidi viungo mia kadhaa kwa dola chache. Kanuni za Google zinakataza kununua kiungo kwa lengo la kupanda kwenye matokeo, na historia ina mifano mizito. Mwaka 2006 iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye faharasa, ingawa hiyo ilikuwa kwa hila ya kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya roboti peke yake. Mwaka 2011 duka la J.C. Penney la Marekani liliporomoka baada ya gazeti la New York Times kufichua viungo vilivyolipiwa. Mwaka 2012 Google iliushusha ukurasa wa Chrome, bidhaa yake yenyewe, kwa siku 60, baada ya kampeni ya makala za kulipiwa zilizokuwa na kiungo. Aprili mwaka huo huo ilitoa mabadiliko yaliyopewa jina Penguin, yaliyolenga viungo vya namna hiyo.

Lakini usidhani mnunuzi wa Ngara ataadhibiwa kwa kishindo. Mara nyingi haitokei chochote. Mifumo ya sasa huvitambua viungo hivyo na kuvipuuza, na mteja anabaki na jedwali la Excel lenye anwani 300 za tovuti asizozijua, nyingine za lugha asizozisoma. Adhabu ya kupigwa kwa mkono wa binadamu ipo, na ikitokea utaiona Search Console kwenye ripoti yake maalum. Ikiwa tupu, yule anayekuambia "umepigwa penalti" athibitishe.

Makala ya kulipiwa kwenye gazeti au tovuti ya habari si haramu. Ni tangazo. Kiungo chake kinatakiwa kiwekwe alama ya "sponsored" au "nofollow" kwenye msimbo wa ukurasa, alama ambazo huiambia Google isikihesabu. Wageni wanaobofya bado ni wageni. Ila tangu Machi 2024 Google ina kanuni dhidi ya tovuti zenye sifa kukodisha kurasa zao kwa maudhui ya nje, mathalani kamari, ili yapande kwa mgongo wa sifa hiyo.

Viungo vyenye maana kwa duka dogo ni vichache na huchosha kuvipata: orodha ya mawakala kwenye tovuti ya kampuni ambayo unauza bidhaa zake, chama cha wafanyabiashara ulichojiunga nacho, shule mliyoifadhili, mwandishi wa habari aliyekuhoji kuhusu bei za vipuri. Vitano vya aina hiyo ningevichukua kabla ya 300 vya Excel.

Majibu ya akili mnemba

Tangu Mei 2024, ilipoanzia Marekani, Google imekuwa ikiweka muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo, na wauzaji wamekuja na vifupisho vipya kama GEO na AEO, yaani SEO ya kuingia kwenye majibu hayo. Mwongozo wa Google unasema hakuna sharti la ziada: ukurasa uwe kwenye faharasa na uruhusiwe kuonyeshwa kwa dondoo. Kwenye Search Console mionekano hiyo huhesabiwa pamoja na matokeo mengine, kwa hiyo ukiona umeonyeshwa zaidi na kubofywa kidogo, huenda sababu ni hiyo. Swali la "jinsi ya kuondoa doa la chai" litajibiwa hapo hapo bila mtu kukutembelea. Swali la bei ya kioo chako na kama kipo dukani leo, bado linakuhitaji wewe.

Ukiamua kulipa

Google yenyewe imeandika kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, na kwamba mara nyingi huchukua miezi minne hadi mwaka kutekeleza maboresho na kuona faida. Mtu akikuonyesha uko juu baada ya siku tatu, angalia kama kuna alama ya tangazo pembeni. Matangazo ni halali, ila pesa ikikatika nayo hukatika, na hiyo ni huduma nyingine yenye bei nyingine.

Mkataba utaje kazi. "SEO ya mwezi" haina maana. "Kurasa sita za bidhaa, kurekebisha viungo vilivyokufa, na ripoti ya Search Console bila utafutaji wa jina la duka" unaweza kuukagua. Zaidi ya hapo, hakikisha umiliki. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC na kuuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Omba msajili akuthibitishie kwamba aliyeandikwa kama mmiliki ni wewe au kampuni yako, si fundi aliyekujengea. Wasifu wa ramani na Analytics vifunguliwe kwa barua pepe ya biashara, kisha yeye aalikwe.

Kwenye Search Console mpe ruhusa ya mtumiaji, usimpe umiliki. Na kama mtu wa zamani alijithibitisha kama mmiliki, kulifuta jina lake kwenye orodha hakutoshi: faili lake la HTML likibaki kwenye seva, au rekodi yake ya TXT ikibaki kwenye DNS, anaweza kujithibitisha upya na kurudi. Ondoa hivyo kwanza, ndipo umfute.